Kanzu Moja kwa Baba, Sare Tano kwa Mama

 

Korosho zinapokwisha kuuzwa, katika wilaya zetu za Nachingwea na Ruangwa huanza msimu mwingine ambao bwana shamba hauandiki katika kalenda yake. Ni msimu wa kadi. Mavuno huanza mwezi Oktoba, minada ya Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI hufuatia, na fedha huingia kwa mafungu katika akaunti za wakulima kuelekea mwisho wa mwaka na mwanzo wa mwaka unaofuata. Katika miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi. Kwa hiyo Rajabu na Shaabani zinakutana uso kwa uso na malipo ya korosho, na kila mzazi mwenye binti aliyeposwa anataka ndoa ifungwe kabla mwezi haujaandama. Huanza singo, hufuata kicheni pati, hufuata sendofu, hufuata akdi na walima yake ya usiku, na hayo yote ni kwa binti mmoja tu. Mtaa ukiwa na mabinti wawili au watatu walioposwa, mama hujikuta ana kadi tano ndani ya wiki sita. Na siku hizi kadi haiji peke yake. Huambatana na picha ya kitambaa katika kundi la simu, jina la duka kinakouzwa, na tarehe ya mwisho ya kulipia.

Hiyo ndiyo sare, na juu ya sare ndipo tunapotaka kusema neno mwezi huu.

Wapo watakaotushangaa. Watauliza, jarida la msikitini linajua nini kuhusu magauni ya usiku? Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba kabla ya kushika kalamu tulikaa na mama zetu wa darasa la wanawake, na tukakaa pia na mafundi cherehani wanaoshona barazani kwao. Yote tutakayoyasema hapa chini kuhusu vitambaa na mishono ni yao. Makosa yakiwapo, ni yetu.

Tuanze na akina baba, maana mfano tunaoutafuta uko kwao tayari. Mwanamume wa kwetu ana kanzu moja nzuri. Anaivaa Idi na anaivaa Ijumaa. Akialikwa walima huongeza koti juu yake. Akiwa yeye ndiye walii wa binti, hutoa sandukuni kofia ya kushonwa kwa mkono na kutupia shali begani. Akienda kuzika huvaa kanzu ile ile, bila ya koti wala shali. Akialikwa na Mkuu wa Wilaya katika futari au katika hafla ya kuwaaga watumishi, kanzu ile na koti lile humtosha, na anakaa kiti cha mbele. Miaka sita, miaka minane, kanzu ni moja, na hajapata hata siku moja kusikia mtu akinong'ona nyuma yake: "Kanzu ile ile!" Ilhali mke wake, aliyekwenda naye katika shughuli zile zile, akikaa na jirani zake wale wale, hawezi kurudia gauni mara mbili katika msimu mmoja bila ya kutazamwa kuanzia ushungi mpaka kandambili. Ni nani aliyeweka sheria hii? Haimo katika Kitabu, haimo katika Sunna, na wazee wetu tuliowauliza wanasema haikuwamo hata katika mila za Wamwera, Wayao wala Wamakua.

Tufanye hesabu, kwa mfano tu, ambao kila msomaji anaweza kuubadilisha kwa bei za mtaani kwake. Tuseme kitambaa cha sare ni shilingi 40,000 na mshono ni shilingi 20,000. Hiyo ni shilingi 60,000 kwa shughuli moja, kabla ya mchango wa kamati, zawadi na nauli ya bodaboda. Mwezi Novemba 2018, Serikali ilipotangaza kuzinunua korosho yenyewe, bei ilikuwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kwa bei ile, gauni moja ni zaidi ya kilo 18 za korosho, na magauni matano ni karibu kilo 91. Hilo ni takriban gunia zima. Aliyewahi kuinama chini ya mkorosho tangu alfajiri, akiokota na kutenganisha korosho na bibo lake, anajua gunia moja ni siku ngapi za mgongo. Sasa gunia hilo limegeuka magauni matano. Tuulize: yatavaliwa mara ngapi? Kitambaa kile chenye maua makubwa ya dhahabu kilishavaliwa na wanawake 40 usiku mmoja, picha zikapigwa, zikasambazwa. Mwenye kukivaa tena mwezi ujao ni kama anayehudhuria harusi kwa sare ya harusi nyingine. Basi hukunjwa na kuwekwa chini ya godoro.

Na hapo tumemzungumzia mwenye gunia. Asiye na gunia huenda kikoba, na akiwa alishakopa kikoba, huenda kwa wale wakopeshaji ambao wananchi wenyewe wamewapa jina la kausha damu. Mkopo uliochukuliwa kwa ajili ya ada ya mtoto mtu anaweza kuutetea mbele ya mumewe na mbele ya nafsi yake. Mkopo wenye riba, uliochukuliwa kwa ajili ya yadi sita za kitambaa cha kuvaliwa saa nne, huo utatetewa vipi mbele ya Mola?

Hata hivyo, fedha siyo iliyotuuma zaidi. Bwana Mtume (SAW), katika hadithi iliyopokewa na Abu Hurayra (RA) na kuthibitishwa na Bukhari na Muslim, alikitaja chakula cha walima wanakoalikwa matajiri na kuachwa masikini kuwa ndicho chakula kibaya mno, na papo hapo akamhesabu asiyeitikia mwaliko kuwa ni mwenye kumuasi Allah na Mtume wake. Maana yake walima ina haki mbili: masikini aitwe, na aliyeitwa aende. Sasa tutazame sare inafanya nini. Masikini ameitwa, ndiyo, kadi amepelekewa, lakini mlango umefungwa kwa kitambaa. Tunamkumbuka mama mmoja katika mojawapo ya wilaya hizi mbili, na hatutasema ni ipi. Ilikuwa ni harusi ya mtoto wa dada yake. Tangu alfajiri alikuwa uani akichambua mchele na kumenya vitunguu, akawaongoza vijana kuinjika masufuria ya pilau. Ilipofika Magharibi, wanawake walipoanza kubadilisha nguo, aliaga kwamba kichwa kinamuuma. Hakikuwa kinamuuma. Hakuwa na sare, na viti vya ukumbini vilikuwa vimepangwa kwa rangi: wenye sare mbele, wasio na sare nyuma karibu na mlango. Khalati wa bi harusi, aliyepika pilau, alilala kwake usiku ule akisikiliza vigelegele kwa mbali. Waliokaa mbele walikula mkono wake bila ya kumuona.

Hatusemi kwamba wanawake kuvaa namna moja ni dhambi. Kusema hivyo ni kuwadhulumu mama zetu na historia yao. Vyama vya lelemama vya Mombasa na Lamu vilikuwa na sare zao. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926, alikuwa muimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma cha Bomba hapa Dar es Salaam, na mwaka 1955 alipoanza kuwakusanya wanawake kuingia TANU, alipita katika vikundi vile vile vya ngoma ambavyo wanawake wake walijuana kwa mavazi na kwa kuchangiana. Sare ilikuwa alama ya wanawake waliokwisha kuwa kitu kimoja. Lakini lelemama zile zile zinatupa na onyo, kwa sababu vyama vilishindana, na mashindano yakawa ni ya nani amevaa cha ghali zaidi. Tena doti ya kanga ya wakati ule mtu alirudi nayo nyumbani akaifunga siku zote, akambebea mtoto, akajifunika usiku. Gauni la sare la leo haliwezi hata kuendea sokoni.

Basi mwanamke wa Nachingwea au Ruangwa, mwenye heshima yake, mwenye mialiko yake, avae nini usiku bila ya kuingia hasara? Jambo hili linahitaji maelezo marefu kidogo, na tunawaomba akina baba wasiruke aya zinazofuata, kwa kuwa wao ndio watakaoombwa fedha.

Mama zetu wa darasa walitupa kanuni moja, na baada ya kuifikiri tumeona ina hekima kubwa: macho ya watu hukumbuka maua, hayakumbuki rangi tupu. Gauni la kitenge chenye tausi wawili kifuani halisahauliki, hata likivaliwa tena baada ya mwaka. Gauni la rangi moja tulivu, bluu ya giza, kijani iliyokolea, kahawia ya kahawa, zambarau iliyoiva au nyeusi, likivaliwa mara kumi na mtandio tofauti kila mara, litaonekana ni magauni kumi. Kwa hiyo kilicho kikubwa na cha ghali kiwe cha rangi moja, na mapambo yawekwe katika kile kilicho kidogo na cha bei nafuu. Sare tunazonunua sasa zimeigeuza kanuni hii miguu juu: maua yote yamemwagwa katika kitambaa kikubwa, na mtandio ndio umeachwa mtupu.

Gauni hilo moja lishonwe vipi? Liwe refu mpaka kwenye kisigino, lenye kupanuka kidogo kuanzia kiunoni, lisilochora mwili. Mafundi wanasema krepe nzito ndiyo inayofaa zaidi. Inashuka vizuri, haikunjiki ovyo ndani ya begi kutoka Ruangwa mpaka Nachingwea, na haionyeshi ndani. Satini hung'aa mno chini ya taa za ukumbini na hupiga alama kwapani mara tu joto linapopanda. Shifoni peke yake si vazi bali ni kivuli cha vazi, haina budi kuwekewa bitana. Lesi ni hivyo hivyo. Kitambaa chenye upana wa mita moja na nusu, mita tatu mpaka tatu na nusu zinatosha gauni lenye mikono mirefu kwa mwanamke wa umbo la kawaida. Pindo la chini lisiwe jeupe, kwa sababu ya vumbi letu jekundu, ambalo halina heshima kwa harusi ya mtu.

Ndani ya mishono fundi aache akiba ya vidole viwili kila upande, na pindo la vidole vitatu. Mafundi wengi hukata akiba hii ili kubana kitambaa, na wanaposhona sare 30 kwa wiki moja hawana hata muda wa kuifikiria. Lakini mwanamke anayezaa na kunyonyesha habaki na kiuno kimoja kwa miaka mitano. Gauni lenye akiba hufumuliwa na kuongezwa, lisilo na akiba hugawiwa. Zipu ifichwe mbele chini ya ukanda wa kitambaa, ili anayenyonyesha asilazimike kuondoka katikati ya shughuli. (Sisi wenyewe tuliwahi kusubiri gauni la mtu wa nyumbani kwetu barazani kwa fundi mpaka adhana ya Isha, na likatoka na mkono mmoja mfupi kuliko mwingine. Fundi hatumtaji. Alikuwa na sare 26 mbele yetu, maskini, na macho yake yalikuwa mekundu kama pilipili.)

Juu ya mikono ya gauni tunaomba tusikilizwe kwa makini. Shughuli ya usiku huanza baada ya Alasiri kwa kuvaa na kupambwa, na huisha usiku mwingi. Katikati yake zimo Magharibi na Isha. Mkono uliobana mpaka kwenye kifundo, usiopanda juu ya kiwiko, ni mkono unaomzuia mtu kutia udhu. Rangi ya kucha ni hivyo hivyo, maji hayapiti. Ni mangapi katika magauni mazuri ya usiku yamemkosesha mwanamke swala mbili za fardhi, naye hakukusudia, ila alitazama kioo akakuta hawezi kukunja mkono wala kugusa uso? Mkono upanuke kidogo, au uwe na vifungo viwili vya kubofya kwenye kifundo. Fundi akimaliza kulipima gauni, mwenyewe ainue mikono juu, akae chini kwenye mkeka, kisha asujudu. Gauni lililopita mitihani hiyo mitatu linafaa popote.

Baada ya gauni huja vile vinavyolibadilisha. Cha kwanza ni buibui la wazi mbele, jepesi, jeusi. Hafla za jioni za kwetu ni za namna mbili. Ipo ya wanawake watupu, kama singo na kicheni pati, na ipo ya mchanganyiko, kama mahafali ya shule, hafla za ofisini na baadhi ya masendofu ya ukumbini. Katika ya kwanza mwanamke huvua buibui mlangoni na kukaa na gauni lake na vidani vyake, wala hana wa kumuogopa. Katika ya pili hulifunga, na heshima yake imetimia kama ilivyoelekezwa katika Suratun Nur, aya ya 31. Vazi moja limehudhuria vikao viwili vyenye hukumu mbili. Vilevile wakati wa kurudi, saa tano za usiku, nyuma ya bodaboda, buibui ndilo linalomsitiri na kulikinga gauni na vumbi. Gagulo au suruali nyepesi ya ndani isisahauliwe, kwa sababu ya upepo wa pikipiki.

Cha pili ni kizibao kirefu, kisicho na mikono, cha lesi au cha kitenge kizuri. Hiki huvaliwa juu ya gauni kama baba anavyovaa koti juu ya kanzu. Kwa mita mbili na nusu za kitenge hupatikana kizibao, na kipande kinachobaki hufunga kilemba. Mkanda wa kitambaa kile kile ukifungwa kwa kulegezwa juu ya gauni, pia hulipa sura nyingine. Cha tatu ni mitandio. Mama zetu walisema mitatu yatosha: mmoja wa rangi ya gauni, mmoja wa rangi inayowaka, na mmoja wenye nakshi au uzi wa dhahabu. Mtandio mzuri una urefu wa takriban mita mbili, na ukikatwa katika kitambaa cha kununua kwa mita na kukunjwa pindo kwa mkono, gharama yake ni sehemu ndogo ya gharama ya sare. Mwisho ni doti moja ya kanga mpya, iliyotunzwa bila ya kufuliwa, kwa ajili ya shughuli za uani na za chini ya turubai, ambako gauni la krepe halina kazi na anayelivaa hujichosha bure.

Utunzaji nao ni nusu ya mali. Krepe na pasi ya mkaa ni maadui, cheche moja inatosha. Gauni lipigwe pasi kwa ndani, kitambaa cha pamba kibichi kikiwa juu yake. Linaporudi kutoka kwenye shughuli lianikwe kivulini usiku kucha kabla ya kukunjwa, jasho likauke. Vikuku na mikufu ya dhahabu bandia isikunjwe nayo pamoja.

Tukihesabu gauni, buibui, kizibao na mitandio mitatu, tunapata mavazi tofauti yasiyopungua nane, kwa gharama ambayo, kwa mfano wetu wa mwanzo, haifiki sare tatu. Nayo hudumu miaka.

Bado itabaki hoja moja: yuko asiyeweza hata hilo gauni moja. Kwa huyo tuna mfano wa mama wa waumini, Bibi Aisha (RA). Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba siku moja alikuwa amevaa nguo nzito ya thamani ya dirhamu tano. Akasimulia kwamba mtumishi wake wa kike anaona haya kuivaa nguo kama ile hata ndani ya nyumba, ilhali zama za Mtume (SAW) yeye alikuwa nayo moja ya namna hiyo, na hakuna mwanamke aliyekuwa akipambwa kwa mumewe katika mji wa Madina ila alituma kwake kuiazima. Imamu Bukhari hadithi hii ameiweka chini ya mlango wa kumuazimia bi harusi. Tuifikirie vizuri. Gauni moja, la dirhamu tano, limeoza wanawake wa Madina, mji wa Mtume. Na Bibi Aisha mwenyewe aliazima mkufu wa dada yake Asmaa (RA), ukampotea safarini, watu wakakaa kuutafuta mahali pasipo na maji, na katika kisa hicho ikateremka ruhusa ya tayamamu. Kuazimana mapambo hakukuwa aibu kwa wanawake bora wa umma huu. Vilevile Ummu Atiyya (RA) amesimulia kwamba wanawake walipoamrishwa kutoka kwenda kwenye swala ya Idi, aliulizwa Mtume (SAW) kuhusu asiye na jilbabu, naye hakumwambia abaki nyumbani wala akope. Alielekeza mwenzake amvike katika jilbabu lake.

Kwa msingi huo tunaziomba kamati za harusi za Nachingwea na Ruangwa, na za vijiji vyote, kuanzia Shaabani ijayo zitangaze rangi, zisitangaze kitambaa. Kamati ikisema "kijani", anayeweza atashona gauni la kijani, na asiyeweza atavaa mtandio wa kijani juu ya gauni lake la siku zote, na wote wawili watakuwa wamevaa sare. Picha zitapendeza, na pengine zitapendeza zaidi, kwa kuwa ukumbi wenye vivuli kumi vya kijani una uhai kuliko ukumbi wenye kitambaa kimoja kilichofunikwa juu ya watu 40. Viti visipangwe kwa nguo. Wa mbele wawe mama, mama mkwe, makhalati na mashangazi, na yule aliyepika pilau. Maimamu wetu wanaofungisha ndoa wanaweza kulisema hili kwa wazazi siku ya kupanga tarehe, kabla kitambaa hakijachaguliwa, maana kikishalipiwa hakuna anayesikia. Wenye maduka ya nguo wasituone kuwa tumewakatia riziki. Mitandio itauzwa kwao.

Akina baba nao wana lao. Mume anayemwambia mkewe "vaa ulichonacho" huku hajui alichonacho ni kipi, hajasaidia kitu. Aketi naye, wahesabu kadi, wachague gauni moja na kulinunua kwa fedha taslimu msimu huu huu wa korosho, kabla ya mkopo wowote. Wakulima wa ufuta wana nafasi ya pili katikati ya mwaka.

Kuhusu kuazimana, darasa la wanawake la msikiti mmojawapo limekubali kujaribu. Wanataka magauni matatu ya krepe ya vipimo vitatu, yenye akiba pana ndani ya mishono, vizibao viwili, mitandio kumi ya rangi mbalimbali, na seti moja ya mapambo ya bi harusi. Anayeazima atarudisha ndani ya siku tatu, limefuliwa na kupigwa pasi. Daftari litakuwa na tarehe ya kutoka na ya kurudi, lakini jina la muazimaji litabaki kwa mama mmoja tu, mtu mzima, anayeaminika kwa kutunza siri za watu, naye ndiye atakayeshika ufunguo. Seremala wa nyuma ya msikiti amejitolea sanduku la mninga, na wiki iliyopita alikuwa akilipiga msasa. Linasubiri gauni la kwanza.